Mtoto Anayetafutwa Mezani Kwetu

Shangazi Fransiska, shikamoo. Naomba unisikilize hadi mwisho kabla hujanicheka, maana jambo lenyewe nikiwaambia majirani hapa Sumbawanga wataniona nimechanganyikiwa, nami sina mwingine wa kumweleza ila wewe unayejibu barua za wasomaji gazetini.

Mume wangu Vitus alikuwa karani wa ushirika, alipopunguzwa kazi akaingia kwenye biashara kama wenzake, siku hizi anafuata dagaa Kabwe, kule ziwani, na kuja kuwauza hapa mjini, na mwaka juzi rafiki yake Modesti anayeuza mitumba alikuta ndani ya belo kitabu cha Kiingereza na dadu za ajabu zenye pande nyingi, akamletea Vitus kwa sababu yeye Kiingereza anakijua. Kumbe ni mchezo. Mmoja anatunga kisa cha kutisha chenye fumbo, wenzake wanajifanya watu waliomo ndani ya kisa hicho, wanauliza, wanapekua, wanarusha dadu kujua kama wamefaulu, hadi walifumbue. Visa vya kitabuni viliwachosha, Vitus akaanza kutunga vyake, vya huku kwetu Ufipa, na kila Jumapili tukitoka misa Modesti na rafiki yao mwingine, Shija, wanakuja kukaa mezani hadi jioni. Sikuwa na neno, mwanamume anayecheza nyumbani kwake si haba.

Lakini Shangazi, masika yaliyopita tulimpoteza binti yetu Josefina, alikuwa hajaanza hata shule, homa ilimpanda ghafla, Vitus yuko Kabwe, mvua imekata barabara, nikahangaika naye peke yangu hadi akafia mikononi mwangu, tukamzika Kasense kwa wazazi wangu maana hatukuweza kungoja, na Vitus alipofika alikuta watu wanakunja mikeka. Hakulia. Aliomba maji ya kuoga, akalala, na tangu hapo jina la mtoto hajalitaja wala kaburini hajafika, nami nikasema moyoni, kama hataki kuuliza, sitamwambia.

Sasa kisa anachowachezesha wenzake tangu kiangazi kianze ni cha mtoto aliyepotea wakati wa mvua, na wanakijiji wanamsikia akibisha kwenye mlango wa ghala la mahindi, wakifungua hayupo. Mtoto hana jina. Ila anabisha na kusema, "Hodi, mimi mgeni, naomba uji."

Shangazi, hayo ni maneno ya Josefina. Alikuwa anatoka nje makusudi, anafunga mlango, anabisha, nami namkaribisha kama mgeni kweli na kumpa uji wa ulezi. Siku ya kwanza kumsikia Vitus akiyasema kwa sauti ndogo ile, mwiko ulinidondoka, na kule mezani Shija akasema nywele zimemsimama. Mwanangu amegeuzwa mzuka wa kutishia wageni. Nilitaka kuzitia dadu zile motoni, lakini ukweli ni kwamba sikuzitia, na kila Jumapili nasogeza kigoda karibu na mlango nimsikie tena. Juzi Modesti aliuliza mtoto alikuwa amevaa nini alipopotea, Vitus akasema, "Sijui." Wenzake wakadhani ni sehemu ya fumbo. Mimi nilikuwa jikoni nimeziba mdomo kwa khanga.

Jumapili ijayo amewaambia mtoto atapatikana na kisa kitaisha. Nikiukatisha mchezo, simsikii tena mwanangu, nikiuacha, watampata na kwenda zao, na mimi sitamsikia tena vilevile. Nguo zangu nimeshafunga niende kwa wazazi Kasense. Nifanye nini?

Mama Josefina, Sumbawanga

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Sikucheki. Barua yako niliisoma nikalia, nikairudia, na mara ya pili nikakasirika, kwa hiyo vumilia.

Kwanza fungua hizo nguo, uzirudishe kabatini. Pili, hebu soma ulichoniandikia mwenyewe. Wewe ulimshika mtoto, na bila shaka ukamwosha, ukamvika, ukaona udongo ukimfunika. Vitus aliagana na mtoto mzima anayeomba uji, akarudi akakuta mikeka inakunjwa. Nani alimweleza chochote? Umeniambia mimi nisiyekujua kwamba alifia mikononi mwako, na mwenye mtoto hujamwambia. Kwako Josefina amekufa. Kwake bado amepotea, na mwanamume yule anamtafuta.

Unasema hataki kuuliza. Anauliza kila Jumapili, mwanangu. Anawauliza Modesti na Shija, wasiojua lolote, wakati mwenye majibu amekaa jikoni kwenye kigoda na kinyongo chake. Lile "sijui" halikuwa fumbo.

Vitus naye asidhani amepona. Kumfanya mtoto kitisho cha wageni bila kumwambia mama yake ni kosa, na umsomee maneno haya kama yalivyo: ulipofika ungemshika mkeo mkono kabla ya kuomba maji ya kuoga.

Sasa fanya hivi. Wapelekee wale wageni ujumbe kwamba Jumapili hii wasije. Mkitoka misa, pika uji wa ulezi, mketi wawili kwenye meza ileile, umsimulie yote tangu homa ilipoanza: alisema nini, nani alikusaidia kumwosha, ulimvika gauni gani. Akinyamaza, endelea. Akilia, mwache alie, nawe usijizuie. Kisha mwongozane hadi Kasense akaone mahali ulipomlaza.

Dadu usizichome. Zikitulia siku kadhaa, yeye ndiye aamue kama kisa kile kimaliziwe au kiachwe, na kikimaliziwa, kigoda chako kitoke jikoni kije mezani. Modesti akiuliza tena mtoto alikuwa amevaa nini, baba yake awe anajua.