Nyundo ya Babu

Al Hail, Maskati

Shangazi Bakhita, nakuamkia kwa adabu zote.

Mwasumini ulionipa umechanua, na mguu wa mama haujambo. Simu yangu wameichukua, ndiyo maana barua hii anakuletea jirani yetu Hajar.

Rafiq, yule Muislamu wa Kibengali anayepima macho Ruwi, alikuja kuniposa. Baba akamkaribisha kahawa na halwa, khalafu akamuuliza nasaba yake. Rafiq akajibu kwa fahari kuwa ukoo wao ni Karmakar, yaani mhunzi kwa lugha yao, maana mababu zake walikuwa wakifua chuma. Baba akaweka kikombe chini. "Binti yangu haolewi na ukoo wa wahunzi."

Ijumaa ananioza kwa Safwan, mtoto wa rafiki yake. Shangazi, nnakufa!

Hapa kila mgeni huambiwa babu alikuwa na mashamba ya karafuu. Wewe uliniambia alikuwa akifua majembe huko Unguja, na nyundo yake unayo uvunguni mwa kitanda.

Sikuombi ugombane na ndugu yako. Ipige picha ile nyundo, umtumie kabla ya Ijumaa, bila ya neno lolote.

Mwanao,
Jumana