Mgongo wa Deo na Mkono Wako

Mpendwa shangazi,

Shikamoo. Tangu uhamie Mbeya kwenye ile hospitali binafsi mpya, nyumba yetu ya Majengo imepungukiwa na kicheko. Leo nimekukumbuka kwa sababu ya mdogo wangu Deo, ambaye muda huu anapanda ukuta wa jirani.

Unakumbuka ngiri yake ilipozidi? Kifua chake kilikuwa kibovu, na daktari aliogopa kumlaza usingizi mzito wa dawa ili apasuliwe. Ukasema utamchoma ganzi ya mgongoni ili sehemu ya chini isisikie maumivu. Mama alilia. Alikuwa amesikia kwamba sindano ya mgongo hupoozesha.

Hukumkemea. Ulimweleza kwamba kwa mtoto mdogo safari ya sindano ni fupi sana, na uzito wake ndio unaokusaidia kukadiria iingie kiasi gani.

"Kilo zinaniambia nianze kujihadhari wapi," ulisema. "Kidole changu ndicho kinachoniambia nimefika. Nikiwa nasukuma bomba la sindano, ghafla mle ndani panalegea."

Deo alikuwa ameshapimwa uzito. Lakini ulipomwona kwenye benchi ulicheka.

"Wifi, umeniletea mtoto au belo la mitumba?"

Mama alikuwa amemvalisha sweta juu ya sweta, na koti juu yake, maana asubuhi ya Juni hapa Ufipa haina huruma. Hivyo hivyo ndivyo alivyopandishwa kwenye mizani.

"Nikimvua, baridi si itamrudia kifuani?"

"Shuka nitamfunika mimi. Ila wifi, mimi sichomi sweta, nachoma mgongo."

Ulimvua mwenyewe, ukampima tena, ukaanza hesabu yako upya. Mimi na mama tulibaki nje ya mlango.

Alipotolewa chumba cha upasuaji, Deo aliuliza, "Miguu yangu mmeipeleka wapi?"

Mama alikutazama.

"Imesinzia," ulimjibu, ukavuta kiti ukaketi karibu na miguu yake. Hukwenda kula. Mchana ulipokuwa unaisha, kidole cha mguu kikacheza, kisha goti likakunjika. Mama akamkumbatia. Wewe uligeukia dirishani, nikakuona unafuta macho. Ndipo nilipojua kwamba nawe uliogopa tangu asubuhi.

Shangazi, nimechagua mchepuo wa sayansi. Nilidhani wanaofanya kazi kama yako hawana hofu. Sasa namwomba Mungu anipe hofu kama yako, na mkono kama wako.

Nakuaga kwa heshima na upendo,

Binti wa kaka yako