Hesabu Uliyoniomba Nikuandikie

Mabatini, Mwanza
Jumapili, baada ya misa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata kwa mkono wa yule mama anayeleta mchele, pamoja na karanga za mama. Nimefurahi kusikia kwamba kifua cha bibi kimetulia na mvua imewafikia. Huku kwa shangazi tunaamka, tunakula, hatuumwi. Lakini nikisema nina amani nitakuwa nakudanganya. Tangu nisome ombi lako usingizi umenipaa, na barua hii nimeianza na kuichana, nimeianza tena.

Umeniandikia kwamba diwani amekuagiza wewe, kama mwenyekiti wa kijiji, uwaeleze watu kwenye mkutano wa Jumamosi kwa nini zahanati yetu nayo ianze kuwatoza wagonjwa fedha. Watu wanabisha. Unaona ukiwasomea ile hesabu iliyotangazwa kwenye hospitali ya hapa mjini, kwamba tangu malipo yaanze vifo wodini vimepungua, watanyamaza. Na kwa kuwa mimi nilikuwepo siku hiyo, niinakili vizuri nikutumie.

Baba, nilikuwepo kweli, lakini sitakutumia. Naomba usikasirike kabla hujafika mwisho. Haya nisingeweza kukuambia uso kwa uso. Unanijua, mimi hata chumvi kwa jirani namtuma mtoto akaniombee.

Shule yetu ilialikwa kwenye sherehe ile ya hospitali kusoma ngonjera. Mwalimu wa Kiswahili alinipa mstari mmoja tu kwa sababu sauti yangu ni ndogo. Ulikuwa unasema, "Waliokuwa wakifia humu, leo warudi makwao." Niliukariri huku napiga pasi, huku nachota maji, wala sikuufikiria. Mawazo yangu yote yalikuwa kwenye sketi, pindo lilikuwa limeachia.

Tulisimama pembeni tukisubiri zamu yetu, mgeni rasmi akaanza kusoma. Makusanyo yamepanda. Wagonjwa walioruhusiwa kurudi nyumbani wameongezeka. Waliofia wodini wamepungua. Akataja na asilimia, watu wakapiga makofi. Darasani takwimu tunafundishwa kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza huwa naziona safi kama vikombe vya wageni ambavyo hakuna aliyevinywea. Siku ile zilisomwa kwa Kiswahili, na nilipomsikia akisema "walioruhusiwa" nikamkumbuka yule nesi wa wodi ya wanaume ya hospitali hiyo hiyo.

Nawe unamkumbuka. Baba mdogo Shija alipoanza kuhema kwa mdomo, kucha zikabadilika rangi, ulisema tumtoe siku hiyo hiyo, maana akiwa hai ni abiria, akishakata roho lazima tukodi gari na uwezo huo hatuna. Kwetu kila mtu anafanya hivyo, sikulaumu. Nesi alikuwa mkali. "Mzee, huyu hajapona. Unampeleka wapi?"

Ukamjibu, "Nampeleka kwa mama yake."

"Haya. Ukimtoa, mimi naandika ameruhusiwa. Sina pengine pa kumwandika."

Kaka Masanja akamvika koti lako na kofia. Konda alipotuona mlangoni mwa basi akakunja uso. "Huyu mzee ni mzima kweli? Mimi sibebi msiba." Wewe ukacheka, ukamwambia, "Pombe za jana hizo, kijana. Kwani wewe hujawahi kulewa?" Abiria nao wakacheka. Nilikaa kiti cha nyuma yenu nikamshika shingo kwa khanga ya mama ili kichwa kisilale. Kisesa tulipita bado anapumua, nilisikia joto lake mkononi. Tulipoiacha Magu mjini joto likaanza kwenda. Nikakugusa bega. Uligeuka, ukanitazama, ukaelewa. Halafu ukaendelea kumsimulia habari za ng'ombe wake mpaka tukashuka, ili konda asijue.

Safari hiyo ndiyo niliyoiona pale, watu wanapiga makofi. Baba mdogo hayumo katika hesabu ya waliokufa, yumo kwa wale walioongezeka. Nikakumbuka pia jinsi wodini kila tulipokwenda kumwona tulikuta familia nyingine inafungasha, mgonjwa wao anainuliwa kwa shuka. Tangu malipo yaanze, anayeishiwa anaondoka mapema zaidi. Kwa hiyo ni kweli, wanaofia mle ndani wamepungua. Mgeni rasmi hakusema uongo, baba, na hilo ndilo linaloniogopesha kuliko kama angesema.

Zamu yetu ikafika. Ulipofika mstari wangu nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Wenzangu wakaujaza, ngonjera ikaenda mbele. Kesho yake mwalimu akaniuliza mbele ya darasa, "Kabula, jana ulimeza ulimi?" Wote wakacheka. Nikasema niliona aibu, akakubali upesi, maana ndivyo wanavyonijua. Sikumwambia kwamba siku ile aibu haikuwepo kabisa.

Nilijikaza nikamfuata mwalimu wa hesabu baada ya kipindi, nikamuuliza aliyefia njiani anahesabiwa wapi. Alifuta ubao kwanza. "Njiani hakuna anayehesabu, binti," akasema. "Na mtihani hautakuuliza hilo. Kasome wastani."

Nilipomsimulia shangazi alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata kichwa. "Umesoma Kiingereza chote hicho ndipo ukagundua kwamba watu wanakufa?" Kisha akatupa kokoto aliyoitoa kwenye mchele. "Kaka yangu tumemzika nyuma ya nyumba. Kaburi la uani haliendi ofisini kutoa taarifa." Akaondoka na ungo wake, mchele wenyewe hajaumaliza. Nilimsikia jikoni akipenga kamasi.

Baba, mimi ni mtoto na mambo ya serikali siyajui yote. Najua imeishiwa. Najua kabla ya malipo zahanati yetu ilikuwa inatoa panadol na pole. Labda kuchangia ni lazima, labda siyo. Basi waambie hivyo hivyo, kwamba fedha hakuna na tunatakiwa kutoa, ili wapate kuuliza nani atasamehewa, nani atazishika na zitanunua nini. Jambo hilo mtu anaweza kusimama akabishana nalo. Hesabu hii haibishiki, atakayesimama ataonekana mjinga. Nadhani ndiyo sababu diwani anaitaka.

Na tukianza kutozwa, wa kwanza kubaki nyumbani atakuwa mtu kama dada Minza, mwenye watoto watatu wanaopokezana homa. Atawachemshia mwarobaini, angoje. Benchi la zahanati litakuwa tupu. Mwakani atakuja mgeni mwingine, aseme homa imepungua wilayani kwetu, na sisi tutapiga makofi.

Sijawahi kukukatalia kitu. Tena nakiri kwamba nimekuwa nikikuonea hasira tangu safari ile, siyo kwa kumtoa baba mdogo, bali kwa sababu hatujawahi kuizungumza. Tulimzika, ukarudi kwenye vikao vyako, mimi nikarudi shuleni. Sasa unaniomba niiandike kama habari njema.

Mama msalimie, mwambie karanga zimeliwa na ganda halikubaki. Bibi mwambie namwombea, na asilale karibu na moshi. Kaka Masanja mshike mkono kwa niaba yangu, yeye anajua kwa nini. Watoto wa dada Minza nawaletea kalamu za rangi. Mama mdogo, mke wa marehemu, usimpe salamu zangu, nitampa mwenyewe.

Ijumaa nikitoka shule nitapanda basi kuja. Mkutanoni sitasimama, nguvu hiyo sina. Nitakaa upande wa wanawake, ubavuni kwa mama mdogo. Unajua Kiswahili cha mikutano humpita, na siku zote huniinamia aniulize wamesema nini. Ukiisoma hesabu ile, ataniuliza. Nami nitamwambia kwa Kisukuma, taratibu, kwamba mume wake amehesabiwa pamoja na waliopona.

Ni mimi mwanao,
Kabula