Kupiga Kodiani Bila Kuona Miguu

Jumanne. Jua limezama lakini joto limekataa kuondoka.

Nimeharibu ile rekodi. Tena si mara moja.

Madam Moira, yule mwalimu wa densi ya Kiskoti, anahama Dubai kabisa. Alhamisi wanafunzi wake wanamuaga kwenye ukumbi wao wa Oud Metha, na yeye ameng'ang'ania kucheza nao mara ya mwisho, na lile goti lake lililofanyiwa upasuaji. Mpigaji wao wa kodiani alisharudi kwao. Mimi siku hiyo niko shifti hotelini, kwa hiyo watacheza na rekodi yangu.

"Mwendo uwe uleule mwanzo hadi mwisho," aliniambia. "Ukinikimbiza nitaanguka." Alisema akicheka. Mimi sikucheka.

Shida ni kwamba kodiani nilifundishwa na baba, kule Nyeri, kwenye mwomboko, ile ngoma ya Wakikuyu. Kwetu mpigaji anatazama miguu ya wachezaji. Wakichangamka unawapandishia, wazee wakichoka unawashushia. Vidole vyangu havijui njia nyingine.

Leo nilikuwa ofu, nikaenda Al Twar kwa Khamis, Mzanzibari mwenye chumba cha kurekodia nyuma ya nyumba yao. AC tulizima, maana maikrofoni inasikia kila kitu. Nilitoa jasho mpaka vitufe vikateleza. Akanivisha hedifoni zenye mlio wa kushika mwendo, tik, tik, tik, na bado kila nikikaribia mwisho natoka mbio. Akazima mashine.

"Dada we, wakimbizwa na nani humu? Si tupo wawili tu!"

Nilitaka kulia. Hasira nikamalizia kodiani, nikaifunga kwa nguvu mpaka ikalia kama mbuzi. Khamis akasema khalas, yatosha, turudi kesho nikitoka kazini.

Ukweli ni kwamba naogopa. Namwona Madam katikati ya ukumbi, goti limegoma, na muziki unaendelea tu. Ningekuwepo ningemngoja. Rekodi haitamngoja.

Kwenye metro nikajikaza, nikamwandikia Madam yote, hata habari za baba na mwomboko. Nikamwomba aje kesho kwa Khamis acheze mbele yangu nikirekodi. Nikituma tu nikajuta. Nani anamwita madam mzima aje kumchezea chumbani?

Jibu limeingia sasa hivi, nimelisoma nimesimama.

"Nitakuja na soksi, viatu visisikike. Ila miguu yangu ni mizee. Utaweza kwenda polepole hivyo?"

Nitaweza. Wenzake wakiona densi imepoa, yalla, wapoe nayo. Kesho hedifoni navua, macho yangu yatakuwa kwenye zile soksi.

Mungu wangu, lishike hilo goti mpaka Alhamisi.