Faiza na Karatasi ya Mahudhurio

Wacuka, weka hiyo chai chini usome hii.

Si unajua leo kaunti ilituita wazazi tutoe maoni kuhusu kupunguza pesa za kliniki ya mazoezi ya viungo ya watoto wetu? Faiza alipanda ngazi hadi ghorofa ya pili, Tariq wake wa miaka saba mgongoni, miguu ikining'inia. Kikao cha walemavu, na lifti hakuna.

Mlangoni tukaandika majina na sahihi, kawaida ya mikutano.

Sasa sikia. Kabla mzazi yeyote hajafungua mdomo, yule afisa wa kaunti mwenye tumbo la semina anainua ile karatasi. "Wazazi arobaini wameshasaini kukubali."

Kukubali. Tulisaini kwamba tumefika, Wacuka. Kufika tu.

Faiza alienda mbele na mtoto wake mgongoni, akachukua karatasi na kalamu, akalikata jina lake.

"Mama, hiyo ni karatasi ya serikali."

"Na hilo ni jina langu. Huyu akikosa mazoezi atakunjika, na si wewe utakuja kumnyoosha."

Tukapanga foleni nyuma yake. Tulipomaliza lilibaki jina moja, la afisa mwenyewe, na cheo chake chote. Acha apeleke hiyo kwenye bunge la kaunti aseme wazazi wamekubali.