Nyoka Hapepesi Macho

Jumatatu, 4 Machi
Nimepalilia magimbi mpaka kiuno kimegoma. Mvua imelainisha udongo wa Bigwa. Kikachomoka kitu cheusi, kirefu, kinang'aa. Nyoka! Nimekikatakata kwa jembe huku nikipiga mayowe. Deo, jirani yangu Mluguru, akaja mbio, akakigeuza kwa kijiti. Kina pingili kama mnyoo, hakina hata gamba la nje. Si nyoka, ni jamaa ya vyura, huishi udongoni. Na mimi ndiye mwalimu wa sayansi.

Jumatano, 6 Machi
Msibani kwa fundi cherehani. Marehemu na mimi ni Wanyamwezi, Deo ni mtani wetu, ruhusa anayo. Akalala chini mbele ya waombolezaji, akaigiza mnyoo unaoomba huruma. Akaninyooshea kidole: "Huyu ndiye Jemadari wa Minyoo!" Hata mjane kacheka. Mtani hakasirikiwi. Nimekasirika. Njiani wanafunzi wangu: "Shikamoo, Jemadari." Deo atalipa.

Jumamosi, 9 Machi
Nimekipata kisasi chini ya majani makavu ya migomba. Mjusi asiye na miguu, mweusi tii. Sasa nimesoma: nyoka hana kope, hapepesi macho. Huyu kapepesa. Nadhani. Nimemwaza Deo akipiga mayowe, nimecheka peke yangu hadi mke wangu kaniuliza kama nina homa.

Jumapili, 10 Machi
Asubuhi nimemtia mjusi wangu kwenye buti la mvua la Deo, barazani kwake. Nikajibanza nyuma ya mgomba. Hapo ndipo akili ikanijia: alipepesa yeye, au mimi? Mlango ukafunguliwa. Si Deo. Bibi Monika, mama yake, anataka kuvaa buti za mwanawe aende kuchuma mboga. Nikatoka mbio, nikamnyang'anya buti, nikaanguka nalo matopeni. Kitu kikateleza, kikazama kwenye nyasi. Macho sikuyaona.

"Mwalimu kaniokoa na nyoka!" Bibi akalia. Deo mlangoni, mdomo wazi. "Na wewe Deo, ukimtania tena huyu, radhi zangu huzipati!"

Nikajipangusa matope. Nilifurahi. Nilifurahi sana.

Alhamisi, 14 Machi
Bibi kaleta ndizi, mke wangu kazipika na nazi. Jioni Deo kapita uani. Nikamchokoza mwenyewe: "We Mluguru, leo umekuja kuiba nini?"

Kasimama. Kavua kofia.

"Habari za jioni, mwalimu."

Akaenda zake.