Skrini ya Kericho

Jumatatu, 9 Machi 1998. Kipkelion

Nimempa Mama uji, nimembadilishia shuka, nimekuja ofisini. Modemu imelia, imekohoa, imeshika. Halafu skrini ni giza tupu. Mshale unasogea, kwa hivyo laini ya simu ni nzima. Ramani ndiyo haiji.

Tangu Mama apate kiharusi hasemi, na anatumia mkono mmoja tu. Ana mimi peke yangu. Meneja amekubali nihamie hapa, ofisi ndogo ya kupokea chai, dakika kumi kwa miguu kutoka kitandani kwake. Sharti ni moja. Seva, ile kompyuta kubwa yenye ramani, inabaki Kericho. Nikiweza kuifungua kwa simu na kuchora ramani za mashamba nikiwa hapa, nabaki. Akija Ijumaa akute giza, nirudi Kericho au niache kazi.

Jumanne, 10 Machi

Giza. Nimeweka programu upya, mara mbili. Wiki jana nilijaribu kutoka chumba cha pili pale Kericho na ramani ikaja bila shida. Kadi ya picha niliitia mwenyewe ndani ya seva, ndiyo inayochora haraka. Sasa ina nini?

Saa nane ngurumo. Huku kwetu hakuna anayehitaji kuambiwa. Redio, simu, kompyuta, kila kitu kinachomolewa kabla tone la kwanza halijaanguka. Nikachomoa modemu. Mvua ya mawe ikapiga bati hadi saa kumi. Siku imekwisha hivyo.

Jumatano, 11 Machi

Giza. Nimelia chooni. Mimi ni fundi bure kabisa.

Alhamisi, 12 Machi

Nimemwachia jirani Mama, nikapanda gari la kwanza kwenda Kericho.

Seva inanguruma vizuri. Skrini yake haipo. Iko juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, safi kama bibi harusi. Mama Kiptoo, anayefagia na kupika chai ya ofisi, ndiye niliyemfundisha kuchomoa seva mvua ikija na kuiwasha asubuhi. Skrini sikumtajia. Siku ya kwanza ya ngurumo, wiki jana nilipokwisha kuondoka, alichomoa vyote, akarudisha seva peke yake.

"Si wewe unaangalia ukiwa huko Kipkelion?" akasema. "Sasa hii hapa nani ataangalia?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kadi ya picha ikiamka isione skrini, inalala tena. Siku nne zangu zimelala nayo.

Nikarudisha skrini, ramani ikachoreka. Halafu, kwa kuogopa kesho, nikamwambia asichomoe kitu chochote mpaka Meneja aondoke kwangu.

"Hata ngurumo ikija?"

"Hata ngurumo ikija, Mama Kiptoo."

Alinitazama sana. Akasema sawa.

Ijumaa, 13 Machi

Meneja alisema atafika saa nne asubuhi. Lori la chai lilikwama kwenye tope Kedowa, likaziba barabara. Alifika saa nane kasorobo.

Ramani ilikuja. Rangi zote, mashamba yote, mito. Akavuta kiti. Akasema, "Hii sasa ni kazi." Moyoni nikamuona Mama, uji, dakika kumi. Nilifurahi, sitakataa.

Hapa jua lilikuwa linawaka. Upande wa Kericho wingu lilikuwa jeusi kama sufuria. Nililiona dirishani. Laini ya simu ni moja; ningeweza kukata modemu nikampigia Mama Kiptoo achomoe, lakini ramani ingezimika. Meneja akaomba kuona mashamba ya Soin. Nikafungua Soin.

Ilichoreka nusu, ikasimama.

Baada ya muda simu ikalia. Mama Kiptoo, analia. Radi. Moshi umejaa chumbani. Yeye ni mzima, Mungu ni mwema. "Uliniambia nisichomoe," alirudia, "uliniambia." Seva imeungua, skrini imeungua, na kadi yangu. Meneja aliacha chai kikombeni.

Jumamosi, 14 Machi

Ofisini Kericho walitaka kumfukuza Mama Kiptoo. Nimempigia Meneja nikasema ukweli: alishika amri yangu. Akaniambia nilete funguo Jumatatu.

Sijamwambia Mama. Najichukia.

Jumatatu, 16 Machi

Nimerudisha funguo Kericho. Mama Kiptoo alinipikia chai. Ukuta una doa jeusi mahali seva ilipokuwa.

Jumanne, 17 Machi

Nyumbani. Nimefua. Nimempa Mama uji asubuhi na ugali laini mchana. Sasa niko naye siku nzima, kama nilivyoomba. Tutakula nini mwezi ujao sijui.

Saa nane wingu likaingia. Nilikuwa nimekaa tu, siwazi kitu. Mama akainua ule mkono mzima, akaonyesha redio. Nikaichomoa. Hakushusha mkono. Nikainua waya aone ncha yake, haijashika popote.

Ndipo akaushusha, akalala.